Jitengenezee mikato ya kibodi: mwongozo kwa anayechapa kutwa nzima

Msimu wa kukabidhi tafiti ukifika, steshenari yetu hapa Moshi inajaa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika tangu tunapofungua mpaka giza linapoingia. Mwaka jana binti mmoja alikaa kwenye stuli pembeni yangu nikimpangia kazi yake ya kurasa zaidi ya mia. Nilikuwa nachukua nukuu kwenye tovuti, nazibandika kwenye kazi, nazipa mtindo wake, naendelea na nyingine. Aliniangalia kwa muda, kisha akauliza: "Kaka, mbona hushiki mausi? Hapo umebonyeza nini?"

Nikamwonyesha. Vitufe vitatu kwa mkono mmoja, maneno yanaingia bila rangi wala herufi za tovuti. Viwili vingine, aya inasogea ndani na kukaa kama nukuu. Yeye alikuwa anafanya hivyo kwa kubofya mara sita au saba kwa kila nukuu. Akaomba nimwandikie vitufe hivyo kwenye karatasi. Nikamwambia karatasi haitamfaa, kwa sababu mikato ile, yaani vitufe vinavyobonyezwa pamoja badala ya kwenda kwenye menyu, haikuja na kompyuta. Niliitengeneza mwenyewe kwenye mashine yangu, na kwake haipo. Basi tukakaa dakika ishirini nikamfundisha kutengeneza ya kwake. Ndiyo hayo ninayoyaandika hapa.

Nitakaa zaidi kwenye LibreOffice Writer, programu ya kuchapia kama Word, maana ni ya bure na ndiyo iliyomo kwenye kompyuta zetu mbili kati ya tatu. Baadaye nitagusia Word, na VS Code kwa vijana wanaojifunza kuandika programu. Majina ya menyu nimeyaacha kwa Kiingereza kama yanavyosomeka kwenye skrini, usije ukatafuta jina lisilokuwepo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi za OpenOffice zenye menyu za Kiswahili, na LibreOffice ilitokana na OpenOffice hiyohiyo mwaka 2010. Natamani kazi ile ingefika kwenye kila steshenari. Mafunzo kama haya yangekuwa mepesi zaidi.

Anza na karatasi

Usianze kwa kutafuta orodha ya mikato mia. Utaisoma, utaikubali, na kesho mkono utarudi kwenye mausi. Mkono hukariri kile unachokifanya kila saa tu.

Kwa siku tatu weka karatasi kando ya kibodi. Kila ukiacha kuchapa ili uende kwenye menyu, andika jina la ulichokwenda kufanya, na kila ukikirudia ongeza kijiti, kama tunavyohesabu kura: vinne vimesimama, cha tano kinavikata. Usichague cha kuandika. Andika vyote.

Yangu ilipojaa ilinishangaza. Nilidhani nasumbuliwa na majedwali, kumbe majedwali yalikuwa na vijiti vinne tu. Vilivyojaa ni hivi: kubandika maneno bila mtindo wa kule yalikotoka, kuipa aya mtindo wa nukuu, kubadilisha sentensi iliyochapwa kwa herufi kubwa, kuanza ukurasa mpya, na kuandika yaleyale ya kwenye barua za maombi.

Kabla ya kutengeneza chochote, angalia kama jambo lako halina mkato tayari. Kati ya yangu matano, mawili yalikuwa na mkato mwepesi tayari. Shift+F3 hubadilisha maneno uliyoyachagua kuwa herufi kubwa, ndogo, au kubwa mwanzoni, kila unapobonyeza tena. Inafanya kazi kwenye Writer na kwenye Word. Ctrl+Enter huanza ukurasa mpya kote kuwili, na nakuomba uitumie badala ya kubonyeza Enter mara kumi na tano, maana ukiongeza aya moja juu, kazi yote inahama. Kwenye Writer pia vichwa vina mikato yake: Ctrl+1 mpaka Ctrl+5 kwa vichwa vya ngazi ya kwanza hadi ya tano, na Ctrl+0 kurudi kwenye maneno ya kawaida. Na kama unachapa Kiswahili na skrini imejaa mistari myekundu chini ya kila neno, Shift+F7 kwenye Writer huizima na kuiwasha.

Mambo yaliyobaki ndiyo ya kutengenezea mikato. Chukua matatu au manne. Ukianza na kumi utayachanganya yote.

Kuchagua vitufe

Hapa ndipo watu wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Larry Tesler, aliyefariki mwaka 2020, ndiye aliyebuni kukata na kubandika maneno akiwa na Tim Mott katika maabara ya Xerox PARC huko California, miaka ya 1970. Kompyuta za Apple, Lisa ya mwaka 1983 na Macintosh ya 1984, zikaweka kurudisha nyuma, kukata, kunakili na kubandika kwenye Z, X, C na V. Tazama kibodi yako: vitufe hivyo vinne vimepangana chini kushoto. Mkono wa kushoto unavifikia vyote, wa kulia ukabaki kwenye mausi. Fuata utaratibu huo. Jambo unalolifanya mara nyingi liwe karibu na mkono wa kushoto. La mara chache linaweza kukaa mbali.

Pili, chagua herufi kwa Kiswahili. Mikato tuliyoizoea imetokana na maneno ya Kiingereza, B ya kukoleza, I ya mlazo, na wengi tumeikariri bila kujua sababu yake. Ya kwako huna haja ya kuikariri hivyo. Nukuu iwe N, jedwali liwe J, tanbihi iwe T, pale vitufe vinaporuhusu. Mwanafunzi niliyemfundisha alichagua R kwa ajili ya rejea na hajaisahau.

Tatu, kuna mikato usiyoigusa. Ctrl pamoja na C, V, X, Z, A, S, P, F, B, I, U iache ilivyo. Hata kama wewe huitumii, mwenzako atakayekalia kiti chako anaitumia, na vidole vyake havitauliza ruhusa.

Nne, jihadhari na Ctrl+Alt. Kwenye Windows, Ctrl na Alt ya kushoto zikibonyezwa pamoja huhesabiwa kama AltGr, ile Alt ya upande wa kulia. Kompyuta ikiwekwa mpangilio wa kibodi wa Uingereza, AltGr na 4 hutoa alama ya yuro, na AltGr na irabu hutoa irabu zenye mkwaju, á, é na kadhalika. Ukiwa na mkato wa Ctrl+Alt+E kwenye mashine kama hiyo, siku moja utabonyeza ukapata é katikati ya jina la mtu. Ctrl+Shift na herufi ni salama zaidi. Ctrl+Alt na mishale uiache kabisa: kwenye kompyuta nyingi za zamani zenye programu ya skrini ya Intel, hiyo hugeuza skrini juu chini. Ikikutokea, Ctrl+Alt na mshale wa juu huirudisha.

Tano, na hili linatuhusu sana huku: laptopu nyingi tunazonunua zimetumika Ulaya. Ikiwa kitufe cha Ctrl kimeandikwa Strg, hiyo ni kibodi ya Kijerumani, na Y na Z zimebadilishana nafasi. Ukiona AZERTY badala ya QWERTY kwenye safu ya juu ya herufi, ni ya Kifaransa. Kompyuta haisomi kilichoandikwa juu ya kitufe. Inafuata mpangilio uliowekwa kwenye Windows. Amua kwanza utatumia mpangilio upi, uuache huo mmoja, ndipo utengeneze mikato. Ukiubadilisha baadaye, vidole vitaikuta herufi nyingine.

La mwisho kwenye vitufe ni F1 mpaka F12. Kwenye laptopu nyingi vitufe hivyo hupunguza sauti na mwanga, na kupata F3 yenyewe inabidi ushike Fn. Kwenye baadhi ya mashine Fn+Esc hufunga hali hiyo ukapata F moja kwa moja. Kwenye nyingine mpangilio uko ndani ya BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, na kama hujazoea kuingia humo mwombe fundi akufanyie.

Writer: mkato wa kwanza

Tutengeneze ule uliomvutia yule binti, wa kubandika maneno matupu. Ukinakili kitu kwenye tovuti au kwenye WhatsApp ya kompyuta na kukibandika kwa Ctrl+V, kinakuja na herufi zake, rangi zake, hata mandharinyuma yake. Writer ina mkato wa kukizuia: Ctrl+Alt+Shift+V. Vitufe vinne. Mkono unavunjika. Tutauhamishia Ctrl+Shift+V, maana ndiyo inayofanya kazi hiyohiyo kwenye Chrome na kwenye matoleo mapya ya Word, na mkono utakariri kitu kimoja kwa programu zote.

1. Fungua Writer yenye ukurasa mtupu. Usijifunzie kwenye kazi ya mteja.

2. Nenda Tools, kisha Customize, kisha kichupo cha Keyboard.

3. Upande wa kulia juu utaona chaguo mbili: LibreOffice na Writer. Chagua Writer. Ukichagua LibreOffice, mkato utaingia pia kwenye programu ya majedwali na nyinginezo, na huko Ctrl+Shift+V huenda ukawa unaihitaji kwa kazi yake ya asili.

4. Orodha ya juu ina vitufe vyote na kazi zake. Teremka mpaka Ctrl+Shift+V uibofye. Utaona imekwisha kupewa Paste Special. Sisi tutaibadilisha kwa kujua, si kwa bahati mbaya. Vitufe vilivyofifia havibadilishwi, vinatumiwa na mfumo.

5. Chini kuna sehemu ya kutafuta. Andika unformatted. Kwenye safu ya Function chagua Paste Unformatted Text. Safu ya Keys pembeni yake itakuonyesha vitufe vinavyofanya kazi hiyo kwa sasa.

6. Bofya Assign. Kwenye matoleo ya zamani kitufe hicho kimeandikwa Modify. Angalia juu: Ctrl+Shift+V sasa imeandikiwa Paste Unformatted Text. Bofya OK.

7. Jaribu. Nakili aya yenye rangi kutoka kwenye tovuti yoyote, rudi Writer, bonyeza. Ikiingia kwa herufi za kazi yako, umemaliza.

Mara ya kwanza itakuchukua dakika tano. Ya pili, moja.

Mkato wa mtindo

Huu ndio uliookoa muda wangu kuliko wote. Kwenye dirisha hilohilo la Keyboard, safu ya Category ina Styles karibu na mwisho. Ifungue, nenda kwenye mitindo ya aya, utafute wenye neno Quotation. Chagua juu kitufe kisicho na kazi (kwangu Ctrl+9 ilikuwa tupu, angalia kwako kabla ya kuichukua), bofya Assign. Tangu hapo kiweke kishale popote ndani ya aya, bonyeza, aya nzima inakuwa nukuu.

Ukitaka nukuu ikae unavyotaka wewe, bonyeza F11 kufungua orodha ya mitindo, bofya mtindo huo kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua ya kurekebisha, uweke nafasi na ukubwa wa herufi wanaoutaka chuoni kwenu. Mabadiliko hayo yanakaa ndani ya faili hilo. Mkato unakaa kwenye kompyuta. Vitu viwili tofauti, na wengi wanavichanganya: wanatengeneza mtindo mpya wanauita Nukuu, wanaupa mkato, kesho wanafungua faili la mtu mwingine, wanabonyeza, kimya. Mkato upo, ila mtindo wa kuuita haupo ndani ya faili lile. Dawa ni mbili. Ama tumia mitindo iliyokuja na Writer, ambayo ipo kwenye kila faili, ama hifadhi mitindo yako kama kiolezo: File, Templates, Save as Template, kisha weka alama ya kukifanya kiwe kiolezo cha kawaida. Kila kazi mpya itaanza nayo. Kwa faili linaloletwa na mteja kwenye flashi, dawa ya kwanza tu ndiyo inayofanya kazi, na ndiyo maana mimi hutumia hiyo.

Herufi Q na X

Kwenye barua za maombi ya kazi, tatizo ni kuandika maneno yaleyale kila siku. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Wako katika ujenzi wa Taifa. Sanduku la posta, jina la mkoa, cheo cha mkurugenzi. Hapa mkato wa vitufe haufai sana, kwa sababu utahitaji mikato ishirini. Kinachofaa ni kifupisho unachokiandika, kompyuta ikakifungua.

Tuna bahati moja kwenye lugha yetu: alfabeti ya Kiswahili haina Q wala X. Hakuna neno la Kiswahili linaloanza na herufi hizo. Kwa hiyo kifupisho kinachoanza na Q au X hakiwezi kugongana na neno lako lolote. Ukianza na herufi nyingine, siku moja kifupisho kitafunguka katikati ya sentensi bila wewe kutaka. Na kwa kuwa mara nyingine tunachapa Kiingereza, ongeza konsonanti baada ya Q, usiweke U. Hapo umejikinga pande zote mbili.

Baadhi ya vyangu:

qhk – Husika na kichwa cha habari hapo juu.
qyk – YAH: MAOMBI YA KAZI
qwt – Wako katika ujenzi wa Taifa,
qslp – S.L.P.
xmkw – Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya
xng – Ng'iresi

Hicho cha mwisho nilikiweka kwa sababu ya alama ya ng'. Mara nyingine inatokea imesimama wima, mara nyingine imepinda, na kwenye barua moja jina la kijiji kimoja linaonekana kwa sura mbili. Kifupisho hutoa sura ileile kila mara.

Kwenye Writer nenda Tools, AutoCorrect Options, kichupo cha Replace. Juu kabisa kuna orodha ya lugha, na hapo wengi hukwama: badala ya lugha moja, chagua [All]. Ukiacha Kiingereza, kifupisho kitafanya kazi tu pale ambapo Writer inadhani unaandika Kiingereza. Andika kifupisho kwenye Replace, maneno yako kwenye With, bofya New. Ukirudi kwenye ukurasa, andika qhk, gusa nafasi, sentensi inafunguka.

Kwa kitu kirefu, kama barua nzima yenye anwani juu kulia, tarehe na nafasi ya sahihi, tumia AutoText. Chapa barua mara moja, ichague yote, bonyeza Ctrl+F3, chagua My AutoText, ipe jina na kifupisho, kisha bofya kitufe cha AutoText na uchague New. Baada ya hapo andika kifupisho na ubonyeze F3. Hii haifunguki yenyewe, inasubiri F3, kwa hiyo haina hatari. Mzee akija asubuhi na karatasi iliyokunjwa mfukoni, "kijana, nataka barua ya kuomba kibali," nusu ya barua iko tayari kabla hajaketi, na muda unaobaki nautumia kumsikiliza anachotaka kusema.

Google Docs haikuruhusu kubadilisha mikato, lakini vifupisho hivi unaweza kuviweka: Tools, Preferences, Substitutions.

Word

Njia ni fupi ila imefichwa. File, Options, Customize Ribbon. Chini ya orodha, pembeni ya maneno Keyboard shortcuts, kuna kitufe cha Customize. Kibofye.

Kwenye Categories chagua All Commands au, kwa mitindo, Styles. Kwenye Commands tafuta unachotaka. Kubandika maneno matupu kumeandikwa PasteTextOnly. Bofya ndani ya Press new shortcut key, kisha bonyeza vitufe vyenyewe kwenye kibodi, usiviandike. Subiri. Chini yake patatokea Currently assigned to, ikikwambia vitufe hivyo vinafanya kazi gani kwa sasa. Soma mstari huo kila mara. Word haitakuzuia kuchukua mkato wa kazi nyingine. Mstari huo ndio onyo pekee. Ukiridhika, bofya Assign.

Save changes in ikiwa Normal, mkato utafanya kazi kwenye kila faili la kompyuta hiyo. Ukichagua jina la faili, utakaa ndani ya faili hilo tu. Kwa mitindo ipo njia ya haraka zaidi: bofya mtindo kwa kitufe cha kulia, Modify, Format, Shortcut key.

Vifupisho vya Q na X viko File, Options, Proofing, AutoCorrect Options. Navyo vinafuata lugha ya maneno, kwa hiyo weka lugha ya ukurasa kwanza.

VS Code

Bonyeza Ctrl+K kisha Ctrl+S. Orodha nzima inafunguka na unaweza kutafuta kwa jina la kazi au kwa vitufe. Bofya mara mbili kwenye mstari, bonyeza vitufe vipya, Enter. Ikikwambia kuna mikato mingine inayotumia vitufe hivyo, bofya ujumbe huo uione kabla ya kukubali.

Ukitaka kuandika kwa mkono, fungua Ctrl+Shift+P, tafuta Open Keyboard Shortcuts (JSON), uweke kitu kama hiki:

[
  {
    "key": "alt+u",
    "command": "editor.action.transformToUppercase",
    "when": "editorTextFocus"
  }
]

Mstari wa when ndio uzuri wa VS Code. Unasema mkato ufanye kazi pale tu kishale kikiwa ndani ya maandishi, kwa hiyo vitufe hivyohivyo vinaweza kufanya kazi nyingine ukiwa sehemu nyingine. Sheria husomwa kutoka chini kwenda juu, ya chini ndiyo inayoshinda. Kuondoa mkato uliokuja na programu, andika jina la kazi ukitanguliza alama ya kutoa mbele yake.

Mashine ya watu wengi

Miaka kadhaa iliyopita nilichukua Ctrl+J nikaipa mtindo wa nukuu. Kwa kawaida Ctrl+J hunyoosha kingo za aya pande zote mbili, na wakati huo mimi sikuwa naitumia. Mwenzangu wa zamu ya jioni alikuwa anaitumia kila siku. Alifungua ripoti ya mteja, akachagua yote kwa Ctrl+A, akabonyeza Ctrl+J, akaprinti palepale kwa sababu mteja alikuwa anawahi gari stendi. Kurasa 38 zilitoka zote zimekaa kama nukuu, na vichwa vya sura navyo vimegeuka nukuu. Tuliprinti upya kwa gharama yetu, na gari lilikuwa limeondoka. Yule mteja hakutukaripia, jambo lililoniumiza zaidi.

Tangu siku hiyo tuna utaratibu. Kila mmoja ana akaunti yake ya Windows. Mikato ya Writer na ya Word huhifadhiwa kwa akaunti, kwa hiyo ya kwangu haiwezi kumgusa yeye, na kubadilisha akaunti ni kazi ya sekunde chache. Kama kwenu hilo haliwezekani, andikeni mikato yote mliyoibadilisha kwenye karatasi, muibandike chini ya skrini, na asiongeze mtu mkato mpya kabla wengine hawajakubali.

Kuhifadhi

Diski ikifa, mikato inakufa nayo. Kwenye Writer, dirisha la Keyboard lina Save: linatoa faili lenye mwisho wa cfg, na Load hulirudisha kwenye kompyuta nyingine. Kwenye Word, funga Word kabisa, andika %appdata%\Microsoft\Templates kwenye upau wa folda, unakili faili la Normal.dotm. Kwenye VS Code faili linaitwa keybindings.json, ndani ya %appdata%\Code\User. Mimi hujitumia yote kwa barua pepe. Flashi za steshenari hupita kwenye mashine nyingi na hubeba virusi.

Ukiharibu kabisa, Reset ipo kwenye dirisha la Writer na Reset All kwenye la Word, nazo hurudisha kila kitu kama kilivyokuja, pamoja na mikato uliyoipenda. Ndiyo sababu uhifadhi kwanza.

Wiki mbili baada ya kuanza, itoe tena ile karatasi uhesabu vijiti upya. Mkato ambao hukuubonyeza hata mara moja ufute: uchague kwenye orodha ya juu, bofya Delete, ili vitufe vyake vipatikane kwa jambo jingine. Mimi nilifuta hivyo mkato wa kuingiza tarehe ya leo, kwa sababu wateja wangu wengi huja na tarehe yao, na vitufe hivyo sasa vinaweka tanbihi.